Motisha kwa mwalimu bora: Je, mtoto wako naye anahesabiwa?

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka, wazazi kama mia mbili tulikaa chini ya mwarobaini katika kikao cha shule ya msingi wanayosoma wanangu wawili. Ajenda ya tatu ilikuwa motisha kwa walimu.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alisimama, akatueleza kwamba matokeo ya darasa la saba hayakuwa ya kuridhisha, na kwamba shule ya jirani imetupita kwa sababu wazazi wa kule wanawakumbuka walimu wao. Pendekezo lake lilikuwa jepesi: kila mzazi atoe Sh5,000, fedha ziwekwe pamoja, kisha kila mwalimu wa darasa la saba alipwe kwa kila A itakayopatikana katika somo lake.

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana mwanangu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameingia darasa la saba.

Makofi yalipotulia, bibi mmoja aliyekaa nyuma kwenye mkeka akanyoosha mkono. "Mwenyekiti mwanangu," akasema, "mimi nina mjukuu darasa la pili. Kusoma hajui hata neno moja. Hiyo hela nitakayoitoa, na yeye imo yake?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Bibi, zamu yake itafika akifika darasa la saba."

"Atafikaje huko, baba, kama hasomi?"

Hakuna aliyecheka tena.

Niliporudi nyumbani nilimwita mwanangu mdogo, ambaye yuko darasa hilohilo la pili. Nikampa kitabu chake cha Kiswahili. Akasoma ukurasa wa kwanza mbio mbio, bila kukwama, nikafurahi. Kisha nikaziba picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati ya sentensi. Akanitazama. Nikamwonyesha jingine. Akainamisha kichwa. Kumbe ule ukurasa alikuwa ameukariri tu, kwa kuwasikia wenzake.

Mwalimu wake ana watoto 114 katika chumba kimoja. Kwa mpango tulioupigia makofi, hata angewafundisha wote 114 wakasoma kama wasomaji wa taarifa ya habari, asingepata hata shilingi moja. Darasa la pili halina A za kuhesabu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu jambo hili la kumlipa mwalimu kwa matokeo ya kazi yake. Nimegundua kwamba limejaribiwa mara nyingi, tena hapa hapa kwetu na kwa majirani zetu, na majibu yapo. Nayaleta kwako, mzazi mwenzangu, kwa sababu huenda ajenda hii inakuja kwenye kikao chako pia.

Kwa nini watu wanataka motisha

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mtu akifanya vizuri, apewe haki yake. Katika shule zetu nyingi za serikali pete hiyo haipo. Mshahara wa mwalimu hutegemea elimu yake, daraja lake na miaka aliyokaa kazini. Anayeingia darasani kila siku na anayeshinda chini ya mti akisoma simu, mwisho wa mwezi wanapokea sawa.

Matokeo yake yanaonekana. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika katika shule za msingi Tanzania mwaka 2014 ulionyesha kuwa watafiti walipofika bila taarifa, karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani. Wengi wao walikuwa wamefika shuleni. Walikuwa ofisini, uwanjani au kwenye shughuli nyingine, na watoto walikuwa peke yao na ubao.

Ni rahisi kuwalaumu walimu. Lakini jiulize, nani kati yetu angeingia katika chumba cha watoto 114, bila vitabu vya kutosha, kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila mtu hata mmoja kumwambia asante? Wapo wanaoingia. Ndio hao tunaotaka kuwavika pete.

Lakini wahenga hao hao walituachia onyo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa na zawadi zikitolewa vibaya zinaweza kuharibu kile kile zilichokusudiwa kukijenga. Kwa hiyo pamoja na kuuliza kama mwalimu bora apewe motisha, tuulize pia apewe kwa kufanya nini, na kwa kuwafundisha watoto gani.

Jaribio la KiuFunza hapa Tanzania

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango ulioitwa KiuFunza, yaani Kiu ya Kujifunza, katika wilaya 10 za Tanzania Bara. Shule 350 za msingi za serikali ziliingia katika utafiti huo. Mpango haukugusa darasa la saba kabisa. Ulianzia chini, darasa la kwanza, la pili na la tatu, katika masomo matatu: Kiswahili, Kiingereza na Hisabati.

Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipewa fedha za kuendeshea shule, Sh10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule nyingine 70 hazikupewa fedha hizo, bali walimu wake waliahidiwa bonasi: kila mtoto akifaulu jaribio la somo mwisho wa mwaka, mwalimu wa somo hilo anapata Sh5,000 na mwalimu mkuu anapata Sh1,000. Shule 70 za tatu zilipewa vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupewa kitu, ili ziwe za kulinganishia.

Tupige hesabu kidogo. Mwalimu wa Kiswahili mwenye watoto 80, wakifaulu 40, anapata Sh200,000 juu ya mshahara wake. Wakifaulu 60, anapata Sh300,000. Mtoto wa arobaini na moja ana thamani ileile na mtoto wa kwanza. Mwalimu hapati zaidi kwa kumfanya kinara wa darasa awe kinara zaidi. Anapata zaidi kwa kwenda kumtafuta yule aliyekaa dawati la nyuma.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la uchumi liitwalo Quarterly Journal of Economics, na kwa mzazi yana mafunzo matatu.

La kwanza, fedha za shule peke yake hazikuongeza uwezo wa watoto wa kusoma na kuhesabu. Vitabu na vifaa vilinunuliwa, lakini kitabu kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu. Tena fedha zile zilipoingia, matumizi mengine ya shule yalipungua, na wazazi nao wakapunguza walichokuwa wakitumia kwa ajili ya elimu ya watoto wao. Hapa tujitazame wenyewe. Tukisikia shule imepata fedha, tunalegea.

La pili, bonasi peke yake ilileta mafanikio kidogo, na hayakuonekana katika kila kipimo. Mwalimu alikuwa na ari, lakini mikono ilikuwa mitupu.

La tatu, pale fedha za shule na bonasi vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango cha wazi, kuliko hata ukijumlisha faida ya kila kimoja kikiwa peke yake. Ndivyo ilivyo hata shambani. Jembe bila mkulima mwenye nia halilimi, na mkulima mwenye nia bila jembe anachimba kwa kucha.

Mwaka 2015 na 2016 likafuata jaribio la pili, katika shule 180. Safari hii walilinganisha namna mbili za kupima. Namna moja ilikuwa rahisi: kuna ngazi za stadi, kutoka kusoma silabi, kwenda maneno, sentensi na kuendelea, na mwalimu analipwa kwa kila ngazi mtoto anayoifikia. Namna ya pili ilikuwa ya kitaalamu zaidi: watoto walioanza mwaka wakiwa na uwezo unaolingana wanashindanishwa na wenzao wa shule nyingine, na mwalimu analipwa kulingana na nafasi waliyoishika.

Kwenye karatasi, namna ya pili inaonekana ya haki zaidi, kwa kuwa haimwadhibu mwalimu aliyepokea watoto dhaifu. Lakini katika matokeo, ile rahisi haikushindwa. Ilifanya vizuri sawa na ile ya kitaalamu au kuizidi, na ilikuwa nafuu kuiendesha. Mwalimu anayeweza kujipigia hesabu mwenyewe kwa vidole anajua kesho asubuhi afanye nini na nani.

Yaliyotokea Busia na Teso

Ukivuka mpaka kwenda magharibi mwa Kenya, utakutana na habari tofauti. Mwaka 1998 na 1999, katika wilaya za Busia na Teso, shule 100 za msingi zilishiriki utafiti, na 50 kati yake zilichaguliwa kwa bahati nasibu ziingie katika mpango wa zawadi. Shule ambazo wastani wa alama zake katika mitihani ulikuwa juu, au uliopanda sana, walimu wake wa darasa la nne hadi la nane walipata zawadi. Hazikuwa fedha taslimu. Zilikuwa vitu kama suti, vyombo vya mezani, seti ya chai, mashuka na blanketi. Thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi.

Waliofanya utafiti huo ni Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Walichokikuta ni hiki: alama katika mitihani iliyohusishwa na zawadi zilipanda. Ukiishia hapo utapiga makofi kama tulivyopiga sisi chini ya mwarobaini.

Wao hawakuishia hapo. Waliangalia kama walimu walihudhuria zaidi. Hapana. Kama walitoa kazi nyingi zaidi za nyumbani. Hapana. Kama walibadilisha namna ya kufundisha. Hapana. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Na mpango ulipokwisha, ile tofauti ya alama haikudumu. Watoto walikuwa wamejifunza kuujibu mtihani, na mtihani ulipopita, walichojifunza kikapita nao.

Lipo jambo moja zuri la kuiga kutoka kwao. Shule iliadhibiwa kwa mtoto ambaye hakufanya mtihani, kwa kuhesabiwa alama ya chini. Kwa hiyo shule haikuwa na faida ya kumficha mtoto dhaifu siku ya mtihani, na idadi ya waliofanya mtihani iliongezeka.

Tunaelewa vizuri kwa nini hilo ni muhimu. Wangapi kati yetu tumewahi kuitwa na kuambiwa, "Mama, mtoto wako arudie darasa," au "Mtafutie shule nyingine," miezi michache kabla ya mtihani wa taifa? Shule zinazoshindania wastani wa ufaulu zina njia mbili za kupandisha wastani huo. Moja ni kumfundisha mtoto dhaifu, nyingine ni kumwondoa. Ya pili haichoshi. Hilo ni moja ya mambo ya kufikiria tunapokumbuka kuwa Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa.

Rwanda walipima zaidi ya alama

Mwaka 2016 na 2017 Rwanda ilijaribu njia nyingine katika wilaya sita, kwa walimu wapya wa shule za msingi. Walimu waliofanya vizuri zaidi, yaani asilimia 20 ya juu, waliahidiwa bonasi ya faranga 100,000 za Rwanda. Lakini ubora wao haukupimwa kwa mtihani wa watoto peke yake. Vilitazamwa vitu vinne: je, mwalimu yupo shuleni? Je, ameandaa somo? Anafundishaje darasani? Na watoto wamejifunza kiasi gani kulinganisha na pale walipoanzia?

Kwa Wanyarwanda wazo hilo halikuwa geni, kwa kuwa watumishi wao wa umma wamezoea mikataba ya utendaji inayoitwa imihigo. Walimu waliokuwa katika mpango huo walionekana shuleni zaidi, na katika mwaka wa pili watoto wao walijifunza zaidi kuliko wenzao. Hofu kwamba walimu wazuri wangekimbia kwa kuogopa kupimwa haikutimia.

Miaka michache baadaye, Agosti 2022, serikali ya Rwanda ilipandisha mishahara ya walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88. Natamani kila kiongozi anayezungumzia motisha aukumbuke mwaka huo. Motisha ni ya juu ya mshahara, wala haizibi pengo la mshahara mdogo. Mwalimu anayedai malimbikizo yake kwa miaka hawezi kufurahia bahasha ya siku ya mahafali.

Fedha zikizidi, majaribu nayo huzidi

Kuna hatari nyingine ambayo hatupendi kuisema kikaoni, tukiogopa kuonekana tunawatukana walimu. Nayo ni udanganyifu.

Katika jiji la Atlanta nchini Marekani, bonasi, sifa na hata ajira za walimu na wakuu wa shule zilifungwa kwenye alama za mitihani ya watoto. Uchunguzi wa serikali ya jimbo uliotolewa mwaka 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44. Watu wazima walikuwa wamefuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watumishi 11 wa elimu walitiwa hatiani mahakamani.

Hao hawakuwa wezi wa kuzaliwa. Wengi walikuwa walimu wa kawaida waliowekwa mahali ambapo alama ilikuwa na thamani kuliko mtoto. Nasi hapa nyumbani, matokeo yanapotangazwa, tumezoea kusikia wapo waliofutiwa kwa udanganyifu. Anayelia siku hiyo ni mtoto.

Kinga yake ni rahisi kuitaja: anayelipwa asiwe ndiye anayepima. Katika KiuFunza watoto walipimwa na watu waliotoka nje ya shule.

Maswali matano ya kuuliza kikaoni

Mzazi mwenzangu, siku ajenda ya motisha itakapofika shuleni kwako, usiinamie simu ukisubiri kikao kiishe. Nyoosha mkono, uulize.

1. Nani anahesabiwa? Kama wanahesabiwa wenye A tu, mwalimu ana sababu ya kuwashughulikia watoto kumi wa mbele. Omba kila mtoto anayevuka kiwango ahesabiwe, na aliyeondolewa au asiyefanya mtihani ahesabiwe kuwa hajafaulu.

2. Inaanzia darasa gani? A ya darasa la saba ilianza kupikwa darasa la kwanza. Mwalimu anayemfundisha mtoto silabi anastahili pete sawa na anayemfundisha kujibu maswali ya mtihani wa mwisho, kama si zaidi.

3. Nani anapima, na anapima nini? Mwalimu wa shule nyingine, mratibu elimu kata au mjumbe wa kamati anaweza kumsikiliza mtoto akisoma. Tena apewe aya ambayo hajawahi kuiona. Mwanangu alinifundisha hilo.

4. Mwalimu ana vifaa? Kama fedha ni kidogo, ziligawanyeni. Sehemu iwe motisha na sehemu inunue vitabu vya hadithi. Tumeona kilichotokea pale kimoja kilipokwenda bila kingine.

5. Mwalimu mwenyewe anaweza kuieleza hesabu hiyo? Mwite mmoja hapo hapo kikaoni, umuulize: watoto 30 wakisoma, unapata ngapi? Akikwama, mpango ni mgumu mno. Na msisahau kuandika mahali pa wazi zilikusanywa shilingi ngapi na nani alipata ngapi.

Kuna jambo la sita, ambalo ni sharti zaidi kuliko swali. Katika shule za serikali, chini ya utaratibu wa elimu bila malipo, mchango wa mzazi ni wa hiari. Mtoto hafukuzwi wala haaibishwi mbele ya wenzake kwa kuwa mzazi wake hakutoa. Motisha inayoanza kwa kumrudisha mtoto nyumbani imeshapoteza maana.

Pete si lazima iwe ya fedha

Wapo watakaosema, sisi ni maskini, hata hiyo Sh5,000 hatuna. Ni kweli, na zipo njia nyingine.

Barua ni karatasi moja. Mwandikie mwalimu, taja jina la mtoto na kitu kimoja ambacho sasa anakiweza na zamani hakukiweza. Nakala mpelekee mwalimu mkuu, na omba iwekwe kwenye jalada lake. Nimewahi kumwona mwalimu mzee amehifadhi barua ya namna hiyo kwenye mkoba, katikati ya vyeti vyake, kwa zaidi ya miaka kumi.

Siku ya mahafali, wanapoitwa walimu wa darasa la saba kupokea zawadi, ombeni aitwe na yule aliyewapokea watoto hao darasa la kwanza. Watoto wenyewe watawaonyesha ni nani. Na kama mnaweza, mpunguzieni mzigo: nyumba ya kupanga iliyo karibu na shule kwa bei nafuu, chakula cha mchana, au mzazi mmoja mmoja kwa zamu kwenda kuwasikiliza watoto wakisoma wakati mwalimu yuko na kundi jingine. Muda ni zawadi pia.

Sisemi hayo yachukue nafasi ya fedha. Shukrani hailipi kodi ya nyumba. Ila yanaweza kuanza kesho.

Tulipofikia

Pale shuleni kwetu kikao cha pili kilifanyika wiki tatu baadaye. Sitasema kilikuwa rahisi. Baba mmoja, ambaye binti yake yuko darasa la saba, alilalamika kwamba tunamega kilicho chake. Nilimwelewa, kwa sababu mwanangu mkubwa yuko darasa hilohilo. Walimu nao wawili walisema wazi kwamba hawapendi kupimwa na watu wa nje, kana kwamba hawaaminiki.

Mwisho tulikubaliana hivi. Fedha zitakazopatikana, nusu ziende kwa darasa la saba kwa namna iliyopendekezwa, ila tuhesabu kila aliyefaulu badala ya wenye A tu. Nusu nyingine iende darasa la kwanza na la pili. Kwanza tununue vitabu vya hadithi, kisha zitakazobaki mwalimu alipwe kwa kila mtoto atakayeweza kusoma aya mpya mbele ya walimu watatu kutoka shule ya jirani, mwezi Novemba. Bibi yule alitoa Sh2,000, zote za sarafu, akazihesabu mwenyewe mbele ya mhasibu.

Nilipita darasa la pili wiki iliyopita kumpeleka mwanangu daftari alilolisahau. Mwalimu alikuwa amewagawa watoto makundi manne, kila kundi na kitabu chake, na kundi la wasiojua kabisa alilikalisha mbele, karibu na meza yake. Mwanangu yuko kundi la tatu. Bado anakwama kwenye silabi za "ng'" na "nyw".

Nikamuuliza mwalimu kama hizo fedha za Novemba zinamsumbua akili. Alitabasamu. "Fedha sijaziona bado, mama," akanijibu. "Ila miaka tisa niko hapa, kila anayekuja ananiuliza wamefika wangapi. Safari hii mmeniuliza wanasoma wangapi."

Novemba bado haijafika, na sijui mwanangu atahesabiwa au hatahesabiwa. Lakini kila jioni baada ya kula tunakaa mkekani, naziba picha kwa kiganja, namwonyesha neno. Leo usiku fanya hivyo na wako. Utajua kama yumo kwenye hesabu ya shule yake, na siku ya kikao utajua cha kuuliza.